Bahasha ya Manjano

Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa kazi, mbele ya Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz. Tangu hapo vijana wetu wengi zaidi wanaiulizia Ujerumani. Wazazi wanauza kiwanja ili mtoto asome lugha. Mawakala wanazungumzia uuguzi, udereva, ufundi wa umeme. Kijana anafundishwa kujitambulisha kwa Kijerumani, anaambiwa anunue koti zito, anaelekezwa ubalozini. Akifika uwanja wa ndege, ukoo mzima unamsindikiza kwa dua.

Jambo moja hakuna anayemfundisha, nalo ni namna ya kuishi na kisanduku cha barua. Ukisikia hivyo utaona ni jambo dogo. Kisa cha kijana mmoja wa Mombasa, ambaye jina lake tuliache, kitaonyesha udogo wake unaishia wapi.

Kijana huyu alikwenda Hamburg kusomea uuguzi kwa mpango wa kujifunza huku unalipwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mpole, mchapakazi, asiyechelewa zamu. Wagonjwa wazee walimpenda kwa sababu aliwasalimia kabla ya kuwagusa. Nyumbani Kisauni alimwacha mke waliyefunga naye ndoa miezi michache kabla ya safari, na mpango wao ulikuwa wazi: amalize mwaka wa kwanza, apate nyumba ya kuwatosha wawili, kisha mkewe amfuate.

Tofauti zinazoonekana kwa macho hazikumsumbua sana. Baridi aliizoea. Jumapili maduka yamefungwa, basi akajifunza kununua mahitaji Jumamosi. Jirani alimgongea mlango usiku mmoja kwa sababu ya muziki, akapunguza sauti, yakaisha. Mgeni yeyote huyaona mambo hayo wiki ya kwanza, na akiyakosea huambiwa papo hapo. Yanayomwangusha mtu ugenini mara nyingi ni yale yasiyoonekana, ambayo ukiyakosea hakuna anayekukaripia.

Lake lilianzia kwenye treni. Vituo vya treni vya Hamburg havina mageti ya kukuzuia usipite bila tiketi. Unaingia, unakaa, unakwenda zako. Siku yoyote wakaguzi wanaweza kuingia, pengine wakiwa wamevaa nguo za kawaida, wakaomba kuona tiketi. Kijana wetu alikuwa na tiketi halali ya mwezi, ameilipia, imo ndani ya simu. Jioni ile, akitoka zamu, simu ilikuwa imezima chaji. Mkaguzi alimsikiliza, akachukua kitambulisho chake, akaandika jina na anwani, akampa kikaratasi, akamweleza jambo kwa Kijerumani cha haraka, kisha akamtakia jioni njema.

Faini ya kusafiri bila tiketi Ujerumani ni euro 60. Lakini mwenye tiketi iliyoandikwa jina lake, aliyeshindwa tu kuionyesha wakati ule, hupewa siku chache za kuipeleka ofisini, akalipa ada ndogo ya euro chache na jambo likafutwa. Ndivyo kile kikaratasi kilivyosema. Kijana alikikunja, akakitia mfukoni mwa koti, akashukuru Mungu. Yule mkaguzi hakumfokea, hakumshusha, hakumwaibisha mbele ya abiria, na hata jioni njema amemtakia. Moyoni alijua amesamehewa.

Tusimcheke. Alikotoka, angekosana na makanga wa matatu kuhusu nauli, maneno yangetoka palepale. Wangepandishiana sauti, abiria wawili watatu wangeingilia kati, mmoja angesema, "Hebu muache, bwana, kijana wa watu," na mwisho wake ungejulikana kabla gari halijafika kituo kinachofuata. Ukiona mtu ameachana nawe kwa upole, basi limekwisha. Hamburg upole wa mkaguzi ni sehemu ya kazi yake. Jambo lenyewe lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, na sasa lilikuwa limeingia kwenye karatasi.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya wiki chache, bahasha nyeupe yenye kidirisha. Aliifungua, akaona maneno marefu asiyoyajua, akaona 60, akaiweka kando. Ya pili ilikuwa Mahnung, yaani ukumbusho wa deni, na ada imeongezwa. Ya tatu ilitoka Inkasso, kampuni ya kukusanya madeni, nayo ikaweka gharama zake juu. Wakati huo zilikuwa zikija na nyingine: bima ya afya, kodi ya mapato, mchango wa redio na televisheni ambao kila kaya hutozwa. Zote akazitia katika boksi la viatu chini ya kitanda. Aliwaza, "Jambo likiwa zito watanipigia simu. Namba yangu wanayo."

Alipomwonyesha rafiki yake mmoja, ambaye naye hakuwa na muda mrefu nchini, alijibiwa, "Achana nazo, hizo za kutishia tu." Jibu lilimfaa kwa sababu ndilo alilotaka kulisikia.

Kisha ikaja bahasha ya manjano. Ujerumani, nyaraka za mahakama na za baadhi ya ofisi za serikali hupelekwa kwa bahasha ya rangi hiyo. Tarishi huandika juu yake tarehe aliyoileta, kwa mkono, akaitia kisandukuni ikiwa hakukukuta. Kuanzia tarehe ile saa ya sheria inahesabu. Hata ukiwa zamu ya usiku, hata ukiwa Mombasa likizo, hata usipoifungua kabisa, kisheria umeipokea. Ndani yake mlikuwa na Mahnbescheid, amri ya malipo inayotolewa na mahakama kwa ombi la mdai. Anayeipokea ana wiki mbili za kupinga.

Wengi wetu hatujui kwamba katika hatua hiyo mahakama haichunguzi kama deni ni la haki. Mdai anajaza fomu, mahakama inaipeleka kwa mdaiwa, na inakwenda pamoja na fomu nyingine ya kupinga. Kupinga hakuhitaji wakili wala maelezo. Unaweka alama kwenye kisanduku cha fomu, unatia saini, unarudisha ndani ya muda. Ukifanya hivyo, mdai analazimika kwenda kuthibitisha madai yake mbele ya hakimu. Usipofanya, anaomba hati ya pili, inayompa nguvu ya kukamata mali. Hiyo nayo ina wiki mbili za kuipinga. Zikipita, deni limekuwa deni, liwe la haki au lisiwe.

Kijana aliyekuwa na tiketi aliyoilipia kwa jasho lake alipewa nafasi tatu za kusema, "Nilikuwa nayo." Zote zilipita, kikaratasi kikiwa mfukoni mwa koti na bahasha zikiwa ndani ya boksi la viatu.

Jumamosi moja mwezi wa nane alikwenda dukani baada ya zamu. Aliweka juu ya mkanda mchele, kuku, maziwa, makopo mawili ya tui la nazi. Akagusisha kadi, mashine ikakataa. Akagusisha tena, ikakataa. Mwenye kaunta akangoja. Watu sita walikuwa nyuma yake, na hakuna aliyeguna wala kumuuliza, "Kaka, kuna nini?" Aliviacha vitu vyote pale, akatoka mikono mitupu. Jumatatu benki ikamweleza kwamba akaunti imezuiwa kwa amri iliyoombwa na mdai. Mshahara ulikuwa umo humo, na kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa. Mkewe nyumbani alikuwa akingoja pesa za mwezi, kwa hiyo akampigia akamwambia kuna hitilafu ya mtandao.

Hapo ndipo alipomkumbuka mama mmoja wa Tanga, muuguzi wa siku nyingi katika mji ule, ambaye vijana wa Kiswahili humwendea kama mama yao. Alikuwa na namba yake tangu wiki ya kwanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekufia?"

"Nina jambo, Mama, lakini naona haya kulisema."

"Njoo nyumbani. Uje na barua zako zote."

"Umejuaje kama ni barua?"

"Mwanangu, kijana wetu akinipigia kwa sauti hiyo, basi nyumbani kuna msiba au chini ya kitanda kuna barua."

Jioni ile mama alimpa kwanza chakula. Kisha akafuta meza, akachukua kisu kidogo, akaanza kufungua bahasha moja baada ya nyingine. Hakusoma maneno kwanza. Alitazama tarehe tu, akazipanga kutoka ya zamani hadi ya karibuni, akazitoboa na kuzitia katika faili. Zilikuwa ishirini na kitu. Aliposhika ile ya manjano alimwonyesha kwa kidole tarehe iliyoandikwa na tarishi, kisha akahesabu kwenye kalenda ya ukutani: wiki mbili za kwanza zilikuwa zimepita zamani. Akashika ya pili ya manjano, akahesabu. Nazo zimepita.

"Na tiketi ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Mama. Wallahi."

"Nakuamini. Lakini waliokuuliza walikuuliza kwa barua, nawe hukuwajibu. Huku ukinyamaza, umekubali."

Lililomuumiza zaidi lilikuwa katikati ya rundo. Chama kimoja cha nyumba za ushirika, alichokiombea nyumba miezi mingi nyuma, kilikuwa kimemwandikia aje kutazama nyumba ya vyumba viwili, kwa kodi anayoiweza. Siku ya kutazama ilikuwa imeshapita. Bahasha yake ilikuwa nyeupe yenye kidirisha, sawa kabisa na zile alizoziogopa. Ile ndiyo nyumba ambayo angemletea mkewe. Katika mji ambao mtu hutafuta nyumba kwa miezi, na wenye nyumba hudai taarifa ya Schufa, yaani rekodi yako ya kulipa madeni, alikuwa ameipoteza nafasi na kuichafua rekodi kwa wakati mmoja.

Mama alimwelekeza benki akaunti yake igeuzwe kuwa ile inayolindwa kisheria, ili kiasi cha kuishi kisiguswe. Walimwandikia mdai wakaomba kulipa kwa awamu, naye akakubali. Euro 60, ambazo zingekuwa euro chache tu kama angekwenda ofisini wiki ile ile, zilikuwa zimepita euro 200. Alizilipa zote. Safari ya mkewe ikaahirishwa.

Tuyatazame sasa mafunzo yake. Kwanza, tusiharakishe kusema Wajerumani hawana utu. Kwetu jambo zito huja kwa miguu. Posa hupelekwa na wazee. Msiba hauletwi kwa barua, huletwa na mtu anayekaa kwanza, akaomba maji, ndipo akasema. Mwito wa chifu huletwa na mzee wa mtaa, na hata mdai hutuma mtu kabla hajakuja mwenyewe. Karatasi kwetu mara nyingi ni ya kukumbushia tu yale ambayo mdomo umekwisha kuyamaliza. Wengi wetu hata anwani ya nyumba hatukuwa nayo. Tulikuwa na S.L.P. ya shule, ya msikiti au ya mwajiri wa baba, na barua ilikuwa ikifika kwa kupita mikono ya watu.

Kwao barua ndiyo mjumbe. Ndiyo maana sheria humtaka anayehamia nyumba kujiandikisha ofisini ndani ya wiki mbili, na jina lako likikosekana kwenye kisanduku, tarishi huenda akairudisha barua. Heshima yao wameiweka katika karatasi hiyo. Chini ya uamuzi wa ofisi ya serikali huwa kuna fungu linalokueleza kwamba unaweza kuupinga, upeleke wapi, na kabla ya lini. Afisa aliyeandika uamuzi huo hakasiriki ukimpinga. Hakuoni mkosefu wa adabu, wala hutahitaji kujuana na mtu wa ndani ili usikilizwe. Mgeni aliyefika jana na raia aliyezaliwa pale wana wiki zile zile. Sisi tuliozoea kungoja ofisini asubuhi hadi jioni ili kusikilizwa na mkubwa tunapaswa kuiona thamani ya jambo hilo. Sharti lake ni moja: ujibu, na ujibu ndani ya muda.

Pili, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa mtu wa nyumbani, mdai akinyamaza huenda ana huruma au amesahau. Kwa ofisi za kule, baada ya barua kutumwa, kimya ni muda unaohesabiwa. Na kimya chako mwenyewe kina maana hata mahali ambapo hakuna mahakama. Ukiacha kwenda kwenye ukumbi wa mazoezi, mkataba haujavunjika na unaendelea kulipishwa hadi uandike kuuvunja. Ukisema huna televisheni, mchango wa euro 18.36 kwa mwezi haufutiki, kwa sababu tangu mwaka 2013 unatozwa kwa kaya, si kwa kifaa. Na wapo wanaostahili kusamehewa mchango huo, lakini nao ni lazima waombe kwa maandishi.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka kila kijana alishike, kosa la kijana wetu halikuwa kushika mila za nyumbani. Angezishika sawasawa, zingemwokoa. Mila yetu inasema ukikwama, nenda kwa mkubwa, kaa chini, sema. Yule mama wa Tanga alikuwa umbali wa vituo vichache vya treni, na kama angeiona karatasi ya kwanza, jambo lingemalizika kwa ada ndogo na kikombe cha chai. Kijana hakufuata njia ya kule, ya kuandika, wala njia ya kwetu, ya kuuliza. Alibaki katikati, peke yake na haya yake. Mficha uchi hazai.

Kuona haya ndiyo maradhi makubwa ya ugenini kuliko baridi na kuliko lugha. Mtu aliyesindikizwa na ukoo mzima anaogopa kuonekana ameshindwa na karatasi. Anatuma picha akitabasamu mbele ya mto Elbe, na nyumbani wanadhani mambo ni mazuri. Wanaongeza maombi, naye anaongeza uongo. Baraza la vijana wenzake, ambao hawajui zaidi yake, linageuka kuwa wakili wake. Ni kweli barua za matapeli zipo, lakini mwenye kuzitofautisha ni anayejua, si anayetaka kukufariji.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kwenda, au uliyefika juzi, fanya haya. Weka jina lako kwenye kisanduku cha barua siku unayohamia. Kifungue kila siku, kama unavyofungua simu. Barua ikiingia, ifunguliwe siku hiyo hiyo, na kabla hujaelewa chochote tafuta tarehe mbili: ya kuandikwa na ya mwisho ya kujibu. Nunua faili, uzipange. Usimjibu mtu kwa simu peke yake, andika, na ubaki na nakala. Usilipe usichokielewa, lakini pia usikinyamazie. Bahasha ya manjano isilale nyumbani bila mtu anayejua kuiona. Mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO hutoa ushauri wa bure kwa wahamiaji, na Hamburg ina ofisi ya umma ya ushauri wa sheria, ÖRA, kwa watu wa kipato kidogo. Ukienda huko na karatasi ambayo muda wake haujapita, utasaidiwa kirahisi. Ukienda na iliyopitwa na muda, watakupa pole zaidi ya msaada.

Ninyi mnaofundisha vijana wetu lugha, tengeni siku moja mwaletee barua halisi za benki, za bima, za mahakama, wazisome na wazijibu. Kujua kuagiza kahawa hakutamwokoa mtu akaunti yake ikizuiwa. Na ninyi wazazi, mnapompigia mtoto aliye mbali, kabla ya kumuuliza atatuma lini, mwulizeni kama ana jambo linalomtatiza, na mumpe ruhusa ya kusema ndiyo. Wengi wanaangamia kwa kukosa ruhusa hiyo.

Kijana wa Mombasa bado yuko Hamburg. Anaendelea na masomo yake, deni amelimaliza, na bado anatafuta nyumba. Barua zake anazifungua mlangoni, kabla hajavua viatu. Wewe usingoje kufunzwa kwa bei aliyolipa yeye. Kama kuna bahasha ndani ya nyumba yako ambayo hujaifungua, ifungue leo, na kama huielewi, mpelekee anayejua leo hii hii.